Ubeti wa Tatu, Pale Tunapongoja

Watu wakistaafu huchinjiwa mbuzi. Katibu anasoma maneno mazuri, mstaafu anapewa saa ya ukutani au blanketi, wajukuu wanapiga picha. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, nikiwa na sketi ya shule, na hakuna aliyenipa hata soda. Kwa hivyo nyinyi watoto wa Sandei Skuli mnaokuja kwetu Jumamosi na kusukumana mlangoni, "Kendi tufunze kibodi, Kendi tufunze kibodi," jueni mnaomba kazi kwa mtu aliyefutwa.

Naandika kwa sababu kuwaambia kwa mdomo nashindwa. Mkiwa wawili naweza. Mkifika watano sauti yangu inarudi tumboni na nyinyi mnaanza kucheka. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Kwanza mkono wa kushoto. Kila mtu anakimbilia wa kulia kwa sababu ndio unaoimba, lakini kwa kibodi ya kisasa wa kushoto ndio bosi. Upande ule wa kushoto ukishika kordi, yaani sauti tatu kwa pamoja, mashini inaleta ngoma, besi na gitaa kulingana na ulichoshika. Ukishika C wote wanapiga C. Ukishika upuzi wote wanapiga upuzi, tena kwa sauti kubwa.

Aliyenifundisha ni Tata Karimi, dada mdogo wa mama, aliyeolewa Kanja, kule Embu. Ana saluni, na nyuma ya saluni, kati ya ndoo ya maji na katoni za nywele, alikuwa na kibodi kuukuu aliyoachiwa na kwaya fulani ilipovunjika. Nilipelekwa huko likizo moja nikiwa darasa la saba ili nimsaidie kufua taulo. Nikafua siku ya kwanza. Siku ya pili akaniona nimesimama nikiitazama ile kibodi kama mtu anayemtazama mbwa bila kujua kama anauma.

"Iguse," akasema.

"Sijui, Tata."

"Nani amekuuliza kama unajua? Nimesema iguse."

Alikuwa akisuka huku akinifundisha, bila kugeuka, uzi wa nywele ukiwa mdomoni. "C ni nyumbani. Umekaa, umeshiba. F umetoka kidogo, umeenda shamba, lakini bado unaona moshi wa jikoni kwenu. G umerudi, umesimama mlangoni, na mlango bado haujafunguliwa. Haya, shika G. Wacha hapo. Unaskia aje?"

"Naskia vibaya."

"Vibaya wapi?"

Nikaonyesha kifua. Akacheka mpaka uzi ukamtoka mdomoni. "Basi muziki unajua. Yale mengine ni vidole tu."

Vidole ni hivi, na mshike sana, hata kama hakuna aliyenirudishia pesa ya shule kwa kujua haya. C ni C, E na G: kidole cha mwisho, cha katikati, gumba. Ukienda F usirukishe mkono mzima kama chura. Kidole cha mwisho kibaki palepale kwa C, hivyo vingine viwili vipande, F na A. Ukitoka C kwenda G, gumba ndilo libaki, kile cha mwisho kishuke hatua moja kwa B, na D iingie katikati. Mkono mzuri hauonekani ukisonga. Tata alikuwa ananiwekea kopo la mafuta ya nywele juu ya kiganja. Likianguka, nafua taulo.

Na mbonyeze kabla ya neno, msingoje neno. Mwimbaji akifungua mdomo, kordi iwe imeshafika. Mkichelewa, mashini inabaki kwa kordi ya zamani, kwa sababu hata ukiinua mkono, yenyewe inaendelea na ile ya mwisho uliyoipa. Haichoki na haiulizi. Ukiiacha kwa G na uende kunywa chai, utaikuta kwa G. Hilo mlikumbuke. Litarudi.

Siku moja kulikuwa na mteja, Mama Njeru, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Akasema, "Karimi, nimalize niende. Hiyo kitu inajipiga yenyewe, huyo mtoto anaishikilia tu isianguke."

Tata akamvuta nywele kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. "Hata stima ya bwawa la Kiambere inajileta yenyewe, sivyo? Inapanda mlima tu, kwa miguu, mpaka kwa taa yako."

"Uui! Karimi, kichwa ni changu!"

Nilicheka siku hiyo. Sikujua lile neno, inajipiga yenyewe, lingenifuata mpaka kwetu Githongo na kukaa kwa kiti changu.

Sasa kuhusu kiti. Mnanijua mimi. Darasani mwalimu akiniuliza swali najua jibu, na nasema sijui ili niketi haraka. Dukani nanunua kile kilicho karibu ili nisiulize bei ya kile cha juu. Lakini nikikaa pale mbele kando ya mimbari, hakuna aliyenitazama usoni, na kanisa zima lilikuwa linangoja mkono wangu. Nikienda F, wanaenda F. Nikipunguza mwendo, hata wazee wenye haraka wanapunguza. Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa nayo duniani. Wengine wana mdomo. Mimi nilikuwa na kile kiti.

Na kibodi yenyewe hatukuletewa na malaika. Sisi vijana tulichuma kahawa. Msimu mzima, kila Jumamosi, kundi zima kwa shamba la huyu na la yule, malipo yanaenda kwa kibodi. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu siku ilipofika kutoka Meru mjini, na Mzee Kirimi, katibu wa kanisa, akaniambia ninawe kwanza kabla ya kuigusa. Nikanawa. Haikutoka. Nikaigusa hivyohivyo alipogeuka.

Aliyechuma kuliko wote ni Mwenda, mnayemjua, yule mrefu. Mwenda ndiye alikuwa mpiga ngoma. Tukaiwasha kibodi, nikachagua staili, yaani mdundo wa kufuata, nikashika C, na ngoma ya mashini ikaingia safi, haina jasho. Kanisa likapiga makofi. Mwenda naye akapiga makofi. Jumapili iliyofuata ngoma yake ikawekwa stoo, juu ya magunia ya mahindi ya mavuno.

"Nimechuma kahawa kununua kitu cha kunifuta kazi," akaniambia tukirudi nyumbani. "Sijawahi kuona mjinga kama mimi."

"Pole, Mwenda."

"Usiniambie pole. Hiyo kitu imeonja mtu. Iko njaa. Ngoja tu."

Nilidhani ni wivu.

Makosa niliyofanya ni mengi, na mengine yanachekesha, kwa hivyo nitawapa moja mpumzike. Kuna batani ya kuanza pamoja: ukiibonyeza, mashini inatulia kimya, inangoja tu mkono wa kushoto uguse kitu ndipo ianze. Nilikuwa nimeibonyeza mapema, nijitayarishe. Mzee Kirimi akaanza kuomba. Maombi yake mnayajua, huanzia milima ya Nyambene na kurudi kupitia Nairobi. Nikasinzia, kiwiko kikateleza, na staili niliyokuwa nimeiacha ilikuwa ya disko. Du, du, du, tsi! Sikuona batani ya kuzima. Naye hakufungua macho. Aliomba juu ya disko, na polepole maombi yake yakaanza kufuata mdundo, "na wagonjwa, Bwana, na wajane, Bwana," mama mmoja nyuma akaanza kuyumba. Baada ya ibada mzee akaniambia, "Kendi, leo Roho alikuwa karibu." Sikumrekebisha.

Funzo: bonyezeni ile batani mwimbaji akiwa amesimama, si kabla. Na staili ya disko muifiche mbali.

Kutafuta ki, yaani kimo cha sauti cha wimbo, ndiyo kazi yenyewe, na haimo kwa kitabu cha maelezo kilichokuja kwa katoni. Huku kwetu hakuna mtu huuliza ki. Mama mmoja anasimama pale alipo, anaanza wimbo kutoka popote koo lake lilipoamkia, na wewe umfuate. Basi mwache aimbe mstari wa kwanza peke yake. Skiliza anapotua mwisho. Hapo ndipo kwake, hapo ndiyo nyumbani. Itafute sauti hiyo kwa mkono wa kulia, chini chini, kisha tumia batani ya kupandisha na kushusha ili vidole vyako vibaki kwa C mnayoijua huku mashini inalia kwa ki yake. Wimbo ukiisha rudisha batani kwa sufuri. Ukisahau, wimbo unaofuata utawapandisha wazee mpaka mishipa ya shingo.

Cucu, mama yake baba, alikuwa anaanza chini kuliko watu wote. Sauti yake ilikuwa ya kuchagua maharagwe, si ya kanisa. Alikuwa anafagia kanisa kila Ijumaa na wenzake. Wimbo wake ulikuwa ule wa kufungulia ibada. Aliuimba hata akiwa na hasira na kuku.

Nilipoingia kidato cha tatu nikapelekwa bweni. Mzee Kirimi akaja nyumbani, akakaa, akanywa chai. "Kendi, ukiwa shule tutaimbaje? Si hiyo kibodi inaweza kurekodi? Turekodie nyimbo kwa flashi, tukuwe tunakungoja nayo mpaka ufunge shule." Aliuliza vizuri sana. Angeniuliza vibaya labda ningekataa. Hapana, hata vibaya nisingekataa, kwa sababu kukataa kunahitaji mdomo.

Tukaenda kanisani mchana wa Ijumaa. Nikapiga, wimbo baada ya wimbo, yeye akitazama stima isipotee. Tukafika ule wa kufungulia ibada. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, nilikuwa ndio nimeingia G, niko mlangoni, nataka kurudi nyumbani, na mlango wa kanisa ukalia. Cucu akaingia na ufagio mkono huu na chupa ya chai mkono ule.

"Muga, mwari," akanisalimu kwa Kimeru. "Umekula?"

Nikageuka. "Bado, Cucu."

Mkono wa kushoto haukusonga, na mashini haijui cucu ni nani. Ilibaki kwa G, ngoma ikizunguka, besi ikizunguka, yeye akitembea na ndala zake katikati ya viti mpaka akaiweka chupa ya chai juu ya benchi la mbele. Ndipo nikarudi C na kumaliza.

"Nimekosea, mzee. Narudia."

"Aah, wacha. Nani ataskia? Stima ikipotea tutarudia zote."

Tukanywa chai. Kwa flashi sauti ya cucu haimo, wala ndala zake. Kuna G tu, ndefu, isiyo na maana kwa mtu yeyote isipokuwa watu watatu.

Nilipofunga shule nikarudi Jumapili ya kwanza mapema, nikiwa nimejipaka mafuta mikononi. Kiti hakikuwepo. Kilikuwa kimepelekwa kwa ofisi ya pasta. Kibodi imesukumwa ukutani, imefunikwa kitambaa cha meza, na flashi imetoka upande mmoja kama kupe. Mzee Kirimi akanishika bega kwa upendo mwingi. "Pumzika, mtoto wangu. Wewe soma tu. Hii sasa inajipiga yenyewe."

Hakuna aliyenifukuza, mnaelewa? Kufukuzwa kuna heshima yake. Mimi niliambiwa nipumzike.

Nikaketi na wengine. Tulipofika ubeti wa tatu, nikafunga macho kwa aibu, ile G inakuja. Ikaja. Na kanisa zima likanyamaza, likangoja. Walikuwa wamejifunza. Mama wengine waliinua mikono pale, pasta alitia "Haleluya" ikatoshea kabisa, na nyinyi wadogo mlikuwa mnapiga makofi mawili, bado mnapiga. Halafu wote pamoja wakarudi nyumbani, C, hakuna aliyejikwaa. Cucu aliketi mbele yangu. Aligeuka akanitazama. Alijua. Akacheka na mabega.

Alikufa nikiwa kidato cha nne, muhula wa pili. Nililetwa nyumbani na mwalimu. Asubuhi ya mazishi nilimtafuta Mzee Kirimi kwenye hema na nikasema sentensi niliyoifanyia mazoezi tangu shuleni: "Mzee, naomba nimpigie cucu mwenyewe."

Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa na machozi. "Kendi, leo wewe ni mfiwa. Wafiwa hawafanyi kazi, wanafanyiwa. Kaa na mama yako. Na si ni wewe tu utapiga? Uko kwa flashi."

Nikakaa na mama yangu.

Wenzake cucu, wale wa ufagio wa Ijumaa, wakasimama kando ya jeneza wakaanza wimbo wake, chini, pale pa maharagwe, pale alipokuwa anauanzia. Wakati huohuo mtu akabonyeza flashi, nayo ikaanza juu, kwa ki niliyoichagua mwaka uliopita kwa ajili ya kwaya. Wakajaribu kuipanda. Sauti zikapasuka. Mmoja akafunika mdomo na leso. Nilijua la kufanya. Ni batani moja, kushusha, mara chache, na kungoja. Mtu angekuwa kwa kiti angefanya hivyo hata akilia. Hakukuwa na mtu kwa kiti. Wakanyamaza mmoja mmoja, mashini ikaimba peke yake, inang'aa.

Ubeti wa tatu ikasimama mlangoni. Watu wote wakangoja, kama walivyozoea, macho kwa jeneza. Mimi nilikuwa na mkono wa kushoto juu ya paja, vidole vimeshika G. Nikasema, "Bado, Cucu." Mama alidhani naomba.

Baadaye wakaja wageni wa kanisa lingine kutoka ng'ambo ya mto. Pale kwa ubeti wa tatu wageni wakaendelea na sisi tukangoja, ikawa vurugu na vicheko. Mzee Kirimi akaona haya, akaja kwetu. Nilikuwa nimemaliza shule. Akanywa chai tena.

"Kendi, lile kosa dogo kwa flashi. Njoo ulitoe. Kazi ya dakika."

"Hapana."

Hata mimi nilishtuka. Mama aliyekuwa akimimina chai alimimina mezani.

"Hapana aje?" akauliza mzee, si kwa hasira, kama mtu aliyesikia mbuzi akiongea.

"Hapana, mzee."

Ningemwambia. Alikuwepo, alikunywa chai ileile, alikuwa amesahau. Ningesema, si kosa, mzee, ni cucu anaingia. Lakini maneno yangu yanajua njia ya kufika kooni tu. Kile kilichokuwa kinaniongelea walikuwa wamekifunika kitambaa. Mama alinigombeza wiki nzima kwamba elimu imenipa kiburi.

Basi wakatafuta kijana wa mjini mwenye kompyuta. Akairekodi yote upya, safi. Jumapili iliyopita ndiyo mliiskia mara ya kwanza, na ndiyo maana naandika, kwa sababu Jumamosi mtakuja na mtaniuliza ni nini kilitokea.

Kilichotokea ni hiki. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu tukafika mlangoni, na kanisa zima likangoja. Wazee, kwaya, pasta na Haleluya yake, nyinyi na makofi yenu mawili. Mashini haikungoja. Iliingia nyumbani, ikapita, ikafika ubeti wa nne watu wakiwa bado wamesimama nje midomo wazi. Wakajaribu kukimbia nyuma yake. Mkaona wenyewe. Mwisho ikapiga ile ngoma ya kumalizia, ikazima, na kanisa likabaki na mistari miwili mkononi, halijui liipeleke wapi.

Mwenda alikuwa kando yangu. Akainama. "Ngoma ingewangoja," akasema.

Mzee Kirimi aligeuka, akanitafuta kwa macho kati ya watu, akaniona. Akatazama kibodi, akanitazama tena, akafanya na mkono, njoo, njoo. Watu wakaanza kugeuka, safu baada ya safu, wote wananitazama usoni.

Nilikuwa nimekalia mikono yangu. Sikuitoa.